Kuhasi Si Kufunga Kizazi: Uamuzi Juu ya Sungura Mgonjwa

Swali ninalolileta katika kurasa hizi laweza kumchekesha msomaji: je, sungura jike anayefugwa nyumbani, mwenye maradhi yasiyopona, apasuliwe atolewe kizazi, au aachwe alivyo? Jibu langu nalitoa mapema ili tusitafutane njiani. Asipasuliwe, maadamu upasuaji huo hautibu ugonjwa alio nao, na ugonjwa huohuo unaongeza hatari ya kufa akiwa chini ya dawa ya usingizi. Lakini jibu hili si sheria ya kubandika ukutani. Ni jibu linalopatikana kwa kupima, na kupima kwetu kulianzia kwenye maneno. Ndiyo maana nalileta katika jarida la kitivo cha lugha, badala ya kuwaachia wenzetu wa tiba ya mifugo peke yao.

Najua pingamizi la kwanza, kwa sababu nimelisikia nyumbani kwetu kabla ya kulisikia chuoni. Yomba wangu alilisema kwa maneno matano: «Lapin ni mboga, haiko mutoto.» Hakusema kwa ubaya. Hapa Lubumbashi sungura wengi hufugwa ili waliwe au wauzwe, na mtu anayetafuta unga wa bukari ya jioni ana haki ya kushangaa anaposikia kwamba mwenzake anafikiria kulipia upasuaji wa kiumbe cha kilo mbili na nusu. Sina ugomvi na anayefuga kwa ajili ya chungu. Nasema tu kwamba mnyama akishapewa jina, akalishwa kwa mkono miaka miwili na nusu, akawa wa kwanza kuulizwa hali asubuhi, amekwisha kutoka katika hesabu ya mboga. Dada yangu mdogo alimwita Bijou. Tangu hapo tuna wajibu kwake, na wajibu huo hauishi kwa kumpenda. Unadai pia kujua tunalomtendea.

Tutazame basi maneno. Mganga wa mifugo aliyemwona Bijou alizungumza nasi kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili chetu cha mjini, akasema tufikirie «stériliser». Mama alielewa kufunga kizazi, kama wanavyofungwa baadhi ya wanawake hospitalini baada ya uzazi wa mwisho. Akatutuliza: «Batamufunga tu kizazi, mangaribi atarudia ku nyumba.» Mdogo wangu wa kiume, anayefuga sungura dume, alielewa kuhasi, jambo aliloliona kwa mbuzi. Mimi, niliyezoea kufungua kamusi, nilielewa «kufanya tasa». Watu watatu wa nyumba moja tulikuwa tunajadili mambo matatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akijadili kilichopendekezwa.

Kilichopendekezwa ni kumpasua tumbo na kuondoa ovari zote mbili pamoja na mji wa mimba. Hicho si kufunga. Kufunga kizazi kwa binadamu ni kuziba mirija ili yai lisikutane na mbegu. Ovari hubaki, homoni hubaki, mji wa mimba hubaki. Kwa sungura kufunga namna hiyo kungezuia mimba tu, lakini kusingezuia saratani ya mji wa mimba wala tabia zinazoletwa na homoni, yaani yale mambo mawili ambayo ndiyo hasa sababu ya kupendekeza upasuaji. Kwa hiyo mama alikuwa amekubali jambo dogo kuliko lililoombwa, na faida aliyoitegemea isingetoka katika jambo alilolikubali.

Na kuhasi? Neno hili lenye asili ya Kiarabu limekaa katika Kiswahili likiwaelekea madume. Angalia msamiati unaolizunguka: ng'ombe dume aliyehasiwa ana jina lake, maksai, mbuzi aliyehasiwa akanona kwa ajili ya karamu ana jina lake, ndafu, naye asiyehasiwa ni beberu. Kwa jike hatuna hata neno moja la namna hiyo. Sababu si umaskini wa lugha. Lugha hutaja yale wasemaji wake wanayoyafanya, na wafugaji walihasi dume ili linenepe, litulie, au livute jembe. Kumpasua jike tumbo ili aishi muda mrefu hakukuwa kazi ya zizini. Sasa kazi hiyo imekuja, imeletwa na vitabu na shule za tiba, lakini haikuja na neno. Pengo hilo ndipo mama alipotumbukia, na si yeye peke yake.

Baada ya kusafisha maneno, tuje kwa mgonjwa mwenyewe. Bijou ana mafua ya kudumu. Si mafua ya siku tatu. Ni ugonjwa ambao kwa sungura mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, anayejificha ndani ya matundu ya pua na kwenye mifupa laini ya humo, mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Dawa ikitolewa kamasi hupungua. Ikikoma, baada ya majuma kadhaa kamasi hurudi. Manyoya ya miguu yake ya mbele hushikamana kwa sababu hujifuta pua kwayo. Kiangazi, kuanzia mwezi wa saba, vumbi jekundu la mji likichanganyika na moshi wa mbabula, hupiga chafya mpaka usiku. Tena magego yake hayalingani. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, na yasipokutana sawasawa huota ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu.

Sasa nizitaje sababu za kumpasua, na nizitaje kwa nguvu zake zote, kwa kuwa si sababu dhaifu. Ya kwanza ni saratani ya mji wa mimba. Sungura majike ambao hawakutolewa kizazi huipata kwa wingi kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Katika baadhi ya makundi yaliyochunguzwa, zaidi ya nusu ya majike waliopita miaka 4 walikuwa nayo. Hukua polepole, huanza kwa damu katika mkojo, na mwisho wake husambaa hadi mapafuni. Ya pili ni mimba. Sungura jike hutoa mayai baada ya kupandwa, si kwa kufuata mzunguko kama ng'ombe, na hubeba mimba kwa siku 31 hivi. Kwa maneno mengine, dume akipenya dakika moja tu, kwa kawaida mwezi mmoja baadaye kuna watoto. Jike mwenye pua iliyoziba na meno mabaya hana akiba ya mwili ya kunyonyesha watoto sita. Ya tatu ni mimba za uongo: jike hujing'oa manyoya ya kifua, hujenga kiota, huwa mkali, hula kidogo, na haya yote huchukua zaidi ya majuma mawili. Aliyetupendekezea upasuaji alikuwa na haya akilini, na alikuwa sahihi kuyataja.

Lakini tazama upande wa pili wa mizani. Kuna uchunguzi mkubwa uliofanyika katika kliniki za Uingereza kati ya 2002 na 2004, matokeo yake yakachapishwa 2008, uliohesabu wanyama waliokufa ndani ya saa 48 baada ya kupewa dawa ya usingizi au ya kutuliza. Kwa mbwa vifo vilikuwa 0.17%, kwa paka 0.24%, kwa sungura 1.39%. Ukiwatenganisha sungura, wale wenye afya walikufa kwa 0.73%, na wale wagonjwa kwa 7.37%. Tuiweke hesabu hiyo kwa lugha ya sokoni: katika sungura wazima, alikufa mmoja kati ya 137 hivi; katika wagonjwa, mmoja kati ya 14. Sidai kwamba Bijou ni wa kundi la pili moja kwa moja, kwa kuwa ndani yake walikuwamo pia wenye hali mbaya kuliko yake. Lakini hakuna anayeweza kumweka katika kundi la kwanza. Tena hesabu hiyo ni ya nchi ambako umeme haukatiki katikati ya kazi, oksijeni iko karibu, na gesi ya usingizi hurekebishwa kwa kuzungusha kifundo. Kwetu kinachopatikana kwa urahisi ni ketamini ya sindano, na sindano ikishaingia haitoki.

Kuna jambo jingine la mwili wake linalonitia wasiwasi kuliko takwimu. Sungura hupumua kwa pua; kupumua kwa mdomo kwake ni dalili ya hatari kubwa. Mdomo wake ni mwembamba na mrefu, hivyo kumpitishia mpira wa hewa kooni ni kazi ngumu hata kwa mwenye uzoefu. Sasa mlaze mnyama wa namna hiyo, pua yake ikiwa imejaa kamasi, kwa dawa inayopunguza nguvu ya kupumua. Njia pekee ya hewa ndiyo ileile iliyo na ugonjwa.

Na akiamka bado hajavuka. Utumbo wa sungura hautakiwi kusimama. Ndiyo maana, tofauti na mbwa, sungura hafungishwi usiku kucha kabla ya upasuaji. Hawezi kutapika, na kumnyima chakula humdhuru. Baada ya upasuaji, maumivu humfanya asile. Asipokula utumbo hulegea, gesi hujaa, na huweza kufa ilhali kidonda kimeshonwa vizuri. Anahitaji dawa ya maumivu kwa siku kadhaa, joto, na mtu wa kumlisha uji wa majani kwa bomba la sindano akikataa kula. Mwenye meno mabaya hukataa kula hata siku za kawaida. Nani atamlisha saa nane ya usiku, umeme umekatika, mwezi wa sita wakati baridi ya Lubumbashi inauma? Swali hili si la kukatisha tamaa. Ni sehemu ya tiba, na nyumba isiyoweza kulijibu haijawa tayari.

Hoja yangu inasimama hapa: upasuaji huu ni wa kinga. Kinga ni jambo jema, lakini bei yake hulipwa leo kwa ajili ya faida ya kesho. Kwa sungura mzima wa miezi sita, bei ni ndogo na faida ni ya miaka mingi; ningekuwa na jike mzima wa umri huo na mganga mwenye mazoea ya sungura, ningesema apasuliwe. Kwa Bijou bei imepanda, na faida imepungua, kwa sababu mafua yake na meno yake huenda vikamwondoa kabla ya saratani. Upasuaji usingefuta hata chafya moja. Anayesema «afanyiwe ili apone» anachanganya kinga na tiba, na mchanganyiko huo nao ni wa lugha: kitenzi «kutibu» kimebeba mizigo miwili ambayo si sawa.

Wapo watakaoniambia kwamba kutoamua ni kuamua, na kwamba naficha woga ndani ya takwimu. Nawakubalia nusu. Kukataa kupasua bila kufanya jingine ni uzembe. Ndiyo maana uamuzi wetu una vipande vinne, na kila kipande kina mwenyewe wa kukitekeleza.

Kwanza, anayehasiwa ni dume. Dume la mdogo wangu ni zima. Mganga alimsikiliza kifua na kumtazama pua, akamkuta safi. Kumhasi dume ni kazi fupi na nyepesi kuliko kumpasua jike, kwa kuwa korodani zake ziko nje ya tumbo. Si kazi ya kisu cha zizini: njia iliyo kati ya tumbo na mfuko wa korodani kwa sungura hubaki wazi, na asiyejua kuiziba anaweza kuona utumbo ukishuka. Na akishahasiwa hakutanishwi na jike siku hiyohiyo, kwa sababu mbegu zilizobaki mwilini zinaweza kuzalisha kwa majuma kadhaa, tumekubaliana sita. Mimba imezuiwa, na aliyelala usingizi ni yule mwenye uwezekano mkubwa wa kuamka. Wako wanaouliza kama hataambukizwa. Wawili hawa wamekaa pua kwa pua, wavu tu katikati, tangu majuma ya kwanza. Na sungura wengi hubeba bakteria huyo bila kuugua. Hatari iko, lakini haikuanza leo.

Pili, tunatibu kile anachougua. Kizimba kimehamishwa mbali na mbabula, na matandiko hubadilishwa kila siku, kwa kuwa harufu kali ya mkojo huchoma pua kama moshi. Nyasi kavu ndicho chakula kikuu, na mimi ndiye ninayezikata kabla moto wa kiangazi haujapita porini. Lengalenga na matembele ni nyongeza. Nyasi humsaga meno na kuuendesha utumbo. Mabaki ya bukari aliyokuwa akiletewa na watoto wa jirani hayafanyi kazi hiyo. Dawa anaandikiwa na mganga. Hapa niwaonye wasomaji wanaofuga: vidonge vya amoksilini, vile vinavyouzwa katika kila duka la dawa, vinaweza kumwua sungura kwa kuua bakteria wema wa utumbo wake. Kinachoponya mtoto wa nyumba si lazima kimponye mnyama wa nyumba.

Tatu, tunachunguza. Sungura ni mnyama anayeliwa na wengine, na silaha yake moja ni kutoonyesha udhaifu. Kalulu wa hadithi zetu huwashinda wakubwa kwa kuficha nia. Huyu wa kizimbani huficha maumivu, na ujanja huo humponza, kwa kuwa mwenye kumtunza huchelewa kujua. Dada yangu ana daftari. Anaandika kama amekula, kama kinyesi kimekuwa kidogo, kama anasaga meno akiwa amejikunja. Anatazama mkojo. Si kila mkojo mwekundu ni damu, kwa kuwa majani mengine huupaka rangi. Lakini ukirudia, mganga anaitwa.

Nne, uamuzi una masharti ya kubadilika. Damu ikithibitika katika mkojo, au uvimbe ukishikwa tumboni, upasuaji utakuwa umeacha kuwa kinga na kuwa tiba, na mizani itapimwa upya. Mafua yakitulia kwa miezi kadhaa na akapatikana mganga aliyekwisha kupasua sungura wengi, pia tutapima upya. Na siku ambayo hatakula tena wala dawa haitamtuliza, tutakuwa na ujasiri wa kumwomba mganga amalize mateso yake. Dada yangu ameniuliza, «Yaya, itamuuma?» Nilimjibu kwamba tutachagua njia ambayo haitamuuma. Ahadi hiyo ni sehemu ya uamuzi.

Nirudi kwa wasomaji wa jarida hili, walimu na wanafunzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo na kina idara za lugha. Wale wanatoka kwenda katika mitaa na vijiji kuzungumza na wafugaji ambao wengi wao husema Kiswahili. Sisi tunaandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi. Kati yetu kuna mwendo wa miguu. Napendekeza kazi ndogo ya mwaka mmoja: tukae pamoja, tukubaliane juu ya maneno hamsini ambayo mwenye mnyama anayahitaji kabla ya kusema ndiyo au hapana. «Kuhasi» libaki la dume. «Kufunga kizazi» libaki la kuziba mirija. Kwa jike aliyepasuliwa, «kutoa kizazi» linaeleweka na mama zetu, nami nalipendekeza, mradi mganga aongeze kila mara kwamba ovari nazo zinatoka. «Kinga» na «tiba» zitenganishwe mdomoni kama zinavyotenganishwa kitabuni. Na «hatari» isitajwe peke yake. Itajwe pamoja na hesabu: mmoja katika wangapi.

Istilahi hizo hazitampa Bijou pua mpya. Lakini zingemwezesha mama kujua, tangu siku ya kwanza, ni nini hasa alichokuwa akikikubali. Tulipomweleza kwa maneno yaliyonyooka, alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza mganga: amekwisha kupasua majike wangapi wa sungura, na wangapi waliamka? Mganga alimjibu kwa uaminifu kwamba ni wachache. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na aliyeufanya ni mtu ambaye siku chache kabla alikuwa amekwisha kusema ndiyo.